Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Chuo Kikuu Kiwe na Taasisi ya Panya?

Katika toleo lililopita tulitaja, kwa aya mbili tu, kwamba Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) mjini Morogoro kina taasisi inayoshughulikia viumbe hai waharibifu, na kwamba panya ndiye aliyechukua sehemu kubwa ya kazi yake kwa miaka mingi. Barua zilizotufikia baada ya hapo zimekuwa nyingi kuliko tulivyotazamia, nazo zimetoka kwa wakulima, wazazi, wauguzi na wanafunzi. Tumeona ni haki safu nzima ya mwezi huu iwe ya jambo hili moja. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha, na majina ya waulizaji tumeyaacha.

Binti yangu amehitimu shahada ya kwanza ya sayansi, na sasa amepata nafasi ya kusoma uzamili chini ya kituo cha utafiti wa panya. Ndugu zake wanamcheka, na mimi mwenyewe sijui nimwambie nini. Kituo cha namna hiyo kina tofauti gani na idara ya kawaida, na je, shahada yake itatambuliwa? (Mzazi, Iringa)

Tuanze na hilo la mwisho, mzazi wetu, kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi. Shahada hutolewa na chuo kikuu baada ya seneti yake kuridhia, na jina la kituo alikofanyia utafiti halipunguzi wala haliongezi uzito wa cheti. Jambo la kuhakikisha ni kwamba amesajiliwa katika programu iliyoidhinishwa, na hilo linaulizwa katika ofisi ya udahili ya chuo.

Tofauti ya idara na kituo iko katika kile kinachowakutanisha watu. Idara huwakutanisha watu wa fani moja ili waifundishe: ina mtaala, ina ratiba ya vipindi, ina mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaosubiri kusahihishiwa mitihani. Kituo cha utafiti huwakutanisha watu wa fani mbalimbali kwa sababu ya tatizo moja ambalo hakuna fani inayolimaliza peke yake. Panya anayefukua mbegu ya mahindi usiku ni suala la mwanaekolojia anayejua uzazi wake, la mtaalamu wa mazao anayejua mche unavumilia uharibifu wa kiasi gani, la daktari wa mifugo anayejua vimelea vilivyomo katika mkojo na damu yake, la mtaalamu wa takwimu, na la mchumi anayeweza kumweleza mkulima kama gharama ya mtego italipwa na mavuno. Katika chuo cha kawaida watu hawa wako katika majengo tofauti na hukutana kwenye mahafali. Katika kituo wanakunywa chai pamoja. Maabara ni chumba, au vyumba, ndani ya kituo hicho: mahali penye vifaa, taratibu za usalama na watu waliofunzwa kuvitumia.

Binti yako asione haya. Ila kabla hajasaini chochote na aulize mambo matatu: msimamizi wake ni nani na ana wanafunzi wangapi wengine, fedha za utafiti wake zinatosha mpaka siku ya kuwasilisha tasnifu au zinaishia na mradi wa mtu mwingine, na data atakazokusanya ataruhusiwa kuziandika kwa jina lake. Wanafunzi wengi wenye akili nzuri wamechelewa miaka kwa sababu hawakuuliza hayo mapema.

Nalima ekari nne za mahindi. Msimu mmoja panya walifukua mbegu yote, nikapanda tena, wakafukua tena. Sumu ililetwa kijijini wakati tumekwisha kata tamaa. Watu wa chuo wamewachunguza panya tangu sisi tukiwa vijana; sisi tumepata nini? (Mkulima, Kilosa)

Swali lako ni la haki, na linastahili jibu refu kuliko mengine yote.

Panya anayekusumbua ni yule mdogo wa kahawia ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis. Jike lake lina matiti mengi kupita kawaida ya panya, yanayoweza kufika 24, hubeba mimba kwa takribani wiki tatu, na huzaa watoto wengi kwa mkupuo mmoja, mara nyingi zaidi ya kumi. Wengi wao hawamalizi mwaka wakiwa hai. Kiumbe wa namna hiyo hawezi kueleweka kwa uchunguzi wa msimu mmoja, kwa maana mwaka huu wanaweza kuwa wachache kiasi cha kusahaulika, na mwakani wakajaa shamba zima. Ndiyo sababu watafiti wa SUA, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp nchini Ubelgiji, wakiwamo Profesa Rhodes Makundi na Profesa Herwig Leirs, waliamua kufanya jambo ambalo idara ya kufundishia isingeliweza. Tangu mwaka 1994, katika kipande cha ardhi cha hekta 3 mjini Morogoro, mitego 300 hupangwa kila mwezi kwa usiku tatu mfululizo. Panya hunaswa wakiwa hai, hupimwa uzito, huangaliwa kama wanazaa, huwekewa alama na kuachiliwa palepale. Mwezi unaofuata kazi ni hiyohiyo.

Kazi hiyo haina mvuto wa kutangazwa kwenye habari. Lakini kutokana na kufuatilia panya kwa miaka mingi ndipo ilipojulikana kwamba ongezeko lao linafuata mvua. Kwa kawaida panya hao huanza kuzaliana masika yanapokolea, majani mabichi na mbegu vinapokuwa tele, na idadi yao hupanda hadi mwishoni mwa mwaka. Vuli ikiwa nzito kuliko kawaida, huanza kuzaa mapema, miezi kadhaa kabla ya wakati wao, na watoto wa mzao huo wa mapema huwahi kukomaa na kuzaa wao wenyewe katika masika yaleyale. Vizazi viwili vinapatikana mahali ambapo mwaka wa kawaida ungetoa kimoja, na miezi kadhaa baadaye mashamba yanafurika. Maana yake ni kwamba mvua ya vuli ikishapimwa, hatari ya mlipuko inaweza kutambuliwa kabla mkulima hajaona hata panya mmoja wa ziada.

Sasa tazama lile lililokupata. Sumu iliyoletwa baada ya mbegu kufukuliwa imekuja wakati uharibifu umekwisha, kwa kuwa madhara makubwa ya panya huyu kwa mahindi hutokea tangu siku ya kupanda hadi miche inapofikisha wiki mbili hivi. Zaidi ya hayo, shamba moja likiwekwa sumu peke yake, panya wa vichaka na mashamba ya jirani huhamia ndani yake haraka. Hili la kuhama liliwasumbua hata watafiti wenyewe: walipojaribu kuwavutia bundi na ndege wengine wawindao kwa kuwawekea nguzo na viota mashambani, idadi ya panya haikushuka kama ilivyotumainiwa, kwa sababu nafasi za walioliwa zilijazwa na wageni. Ninaliheshimu sana tokeo la namna hiyo, kwa kuwa limewaokolea wakulima gharama ya kujenga viota kwa matumaini.

Yanayosaidia, kwa mujibu wa kazi hiyo ya miaka mingi, ni haya. Wakulima wa eneo moja wapande kwa wakati mmoja, ili panya wasihame kutoka shamba lililokwisha kukomaa kwenda lile linalochipua. Vichaka na nyasi ndefu kandokando ya mashamba vifyekwe kabla ya msimu, maana ndimo wanamojificha na kuzaliana. Ardhi iliyolimwa kwa kina kwa trekta imeonekana kuwa na panya wachache kuliko ile iliyofyekwa na kuchomwa moto tu. Na mitego au sumu, kama itatumika, itumike na kijiji kizima kwa pamoja, kabla ya mbegu kuingia ardhini. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba panya huchukua takribani asilimia 15 ya mahindi ya Tanzania kila mwaka, na hiyo ni wastani. Wewe uliyepanda mara mbili unajua kwamba mwaka mbaya hauna wastani.

Kwamba maarifa hayo hayakukufikia kwa wakati ni upungufu wa kweli, nami sitautetea. Kituo cha utafiti hakina ofisa katika kila kata. Kina karatasi za utafiti, semina na mashamba ya majaribio. Njia ya kutoka Morogoro hadi shambani kwako inapita kwa ofisa ugani, na pale ofisa ugani mmoja anapohudumia vijiji vingi bila usafiri, njia inakatika. Ushauri wangu ni kwamba kikundi chenu cha wakulima kiandike barua moja kwa moja kwa mkurugenzi wa taasisi hiyo. Watafiti wanahitaji mashamba ya kufanyia majaribio na wakulima wenye kumbukumbu nzuri, na kijiji kinachojileta chenyewe hupokelewa kwa furaha.

Mwaka 2022 tulipata hapa kwetu ugonjwa wa homa na kutokwa damu puani, ukaitwa homa ya mgunda. Kwa nini ilichukua muda kuujua, na maabara za vyuo zinahusikaje? (Mwalimu, Ruangwa)

Kwa wasomaji wasiokumbuka, Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa umewashtua watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, ni leptospirosisi. Bakteria wake huishi katika figo za wanyama wengi, panya wakiwa mbele, na hutoka katika mkojo. Mtu huupata anapokanyaga maji au tope lenye mkojo huo akiwa na mchubuko, au anapokula na kunywa kilichochafuliwa.

Ugumu wa kuutambua ni kwamba mwanzo wake ni homa, kichwa na maumivu ya misuli, dalili ambazo zahanati yoyote ya nchi yetu itaanza kwa kuzipima malaria. Kipimo ambacho maabara duniani hukitegemea kwa ugonjwa huu kinahitaji bakteria walio hai: majimaji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na aina mbalimbali za leptospira, na mtaalamu hutazama chini ya darubini kama kinga ya mgonjwa inazigandisha pamoja. Hapo ndipo maabara maalumu inapokuwa ya lazima. Bakteria hao hawanunuliwi dukani na kuwekwa rafuni kama dawa. Lazima walishwe, wahamishwe kutoka chupa moja hadi nyingine kila baada ya muda mfupi, na wachunguzwe wasichafuliwe, mwaka baada ya mwaka, hata katika miaka ambayo hakuna mgonjwa hata mmoja.

Tena aina hizo hutofautiana kwa mahali. Maabara yenye aina za Ulaya pekee inaweza kumwambia mgonjwa wa Lindi kwamba hana ugonjwa, ilhali anao wa aina ya kwetu. Watafiti wa SUA, ambao miongoni mwao Profesa Robert Machang'u amefanya kazi hii kwa muda mrefu, waliwapata na kuwatunza bakteria wa hapahapa kutoka kwa panya na mifugo ya Morogoro. Mmoja wa aina hizo, uliotoka kwa ng'ombe, umepewa jina la Sokoine, nao hutumika sasa katika vipimo vya utafiti nchini. Nakushauri uwaeleze wanafunzi wako habari hii, kwa sababu vitabu vyao vya biolojia vimejaa majina ya miji ya mbali.

Kwa upande wa kujikinga: vaeni viatu vya mpira katika majaruba na mashamba yenye maji, funikeni maji ya kunywa na nafaka, na mwenye homa aliyekuwa akishinda kwenye tope amweleze mganga hivyo bila kuulizwa. Ugonjwa huu unatibika kwa viuavijasumu vya kawaida ukiwahiwa.

Ni kweli kwamba panya wa Morogoro wanapima kifua kikuu? Kama ni kweli, kwa nini hatunao hospitalini? (Muuguzi, Temeke)

Ni kweli, lakini ni vizuri kueleza kazi yao ilipo ili wagonjwa wasipotoshwe.

Panya hawa ni wengine kabisa, wale wakubwa tunaowaita panya buku, wenye uzito wa kilo moja au zaidi na vifuko mashavuni. Macho yao ni dhaifu, pua zao ni kali ajabu. Shirika la APOPO, lililoanzishwa nchini Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens, lilihamia SUA mwaka 2000 kwa sababu pale palikuwa tayari na watu wanaowajua panya kwa undani. Hilo la mwisho nalitilia mkazo: wazo lilitoka nje, lakini lingekufa kama lisingekuta kitengo chenye uzoefu wa kuwafuga, kuwatibu na kuwazalisha wanyama hao.

Wewe mwenyewe unajua kwamba darubini ya makohozi ina kikomo. Ili mtaalamu awaone bakteria wa kifua kikuu, wanapaswa kuwa takribani 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita moja. Mgonjwa mwenye wachache zaidi, hasa mtoto au mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, huambiwa hana ugonjwa na kurudi nyumbani kuambukiza. Panya hupewa sampuli ambazo zahanati imekwisha kuzipima. Kwanza sampuli hupashwa moto ili bakteria wafe, kisha hupangwa mstarini, na panya aliyefunzwa hupita akinusa. Akisita juu ya moja na kukwaruza, sampuli hiyo huwekwa kando. Panya mmoja anaweza kunusa sampuli 100 kwa takribani dakika 20. Zile alizozitilia shaka hurudiwa na binadamu kwa kipimo kinachotambuliwa, na ni kipimo hicho kinachotoa jibu kwa zahanati. Katika zahanati zilizoshirikiana na mradi, utaratibu huo umeongeza idadi ya wagonjwa wanaogunduliwa kwa takribani asilimia 40.

Kwa hiyo panya hasemi kwamba fulani ni mgonjwa. Anasema sampuli hii itazamwe tena. Ndiyo sababu humkuti hospitalini kwako: hajaidhinishwa kuwa kipimo cha kwanza, na kila panya anahitaji mafunzo ya takribani miezi tisa, mfunzaji, banda, chakula na ukaguzi wa kila siku. Huduma hiyo inafaa kukaa mahali pamoja na kupokea sampuli kutoka zahanati nyingi. Kama zahanati yenu ingependa kuhusishwa, njia ni kupitia mratibu wa kifua kikuu wa wilaya.

Je, wale panya wanaotafuta mabomu hawalipukiwi? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mtwara)

Hawalipukiwi. Bomu la ardhini hutegwa lilipuke kwa uzito mkubwa kuliko wa panya buku, naye hutembea juu yake salama. Hufungwa mkanda mwepesi, hupita kwenye kamba iliyovutwa kati ya watu wawili, na akinusa harufu ya baruti hukwaruza ardhi. Kisha hupewa ndizi au karanga. Kwa kuwa hafuati harufu ya chuma, misumari na makopo hayampotezei muda. Panya hawa walifanya kazi jirani yenu kabisa, ng'ambo ya mto Ruvuma, katika Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imeondolewa maeneo yote ya mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Mmoja wao aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu 100 na silaha nyingine zisizolipuka, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya ushujaa na shirika la Uingereza linalohudumia wanyama, PDSA. Alistaafu mwaka 2021 na kufa Januari 2022.

Miradi mingi ya namna hii hulipiwa na wageni. Sampuli na data ni mali ya nani, na fedha zikikoma itakuwaje? (Msomaji, Nairobi)

Kuhusu umiliki, Tanzania ina taratibu zilizo wazi. Mtafiti wa nje anahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, anapaswa kuwa na mshirika wa ndani, na sampuli za kibiolojia hazitoki nchini bila mkataba wa kuzihamisha unaoeleza zinakwenda wapi na kwa kazi gani. Nguvu ya mkataba huo inategemea aliyeusoma kabla ya kuusaini, na hapa ndipo kituo chenye wanasayansi wakongwe kinapomzidi mtafiti mmoja mpweke: kinajua thamani ya kilichomo kwenye jokofu lake.

Kuhusu fedha, kuanzia mwaka 2016 utafiti wa panya SUA ulipata nguvu mpya ulipochaguliwa kuwa moja ya vituo vya umahiri vilivyofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika Afrika Mashariki na Kusini. Tanzania ilipata vinne, viwili SUA na viwili Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha. Fedha hizo zilisomesha wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mradi wowote una tarehe ya kufungwa, na mfadhili hupenda kulipia kitu kipya chenye jina. Hakuna anayeomba kwa shauku kulipia umeme wa jokofu, mshahara wa anayewahamisha bakteria kutoka chupa hadi chupa, au mafuta ya gari la kwenda kutega mitego 300 kwa mwezi usio na mlipuko wowote.

Mimi naamini gharama hizo za kila siku ndizo ambazo serikali na vyuo vyenyewe vinapaswa kuzibeba, kwa bajeti ya kudumu, hata kama ni ndogo, na kuwaachia wafadhili yale yanayokuja na kwenda. Mfululizo wa data uliokatika kwa miaka miwili haushonwi tena. Mvua ya vuli ya miaka hiyo itakuwa imenyesha, panya watakuwa wamezaliwa na kufa, na hakuna fedha itakayorudi kuwahesabu. Wabunge wanaopitisha bajeti za wizara wanapaswa kuulizwa swali hili waziwazi, na nafurahi kwamba limetoka kwa msomaji wa nchi jirani, maana panya na homa zake havioni mpaka.

Vitengo maalumu vya utafiti ni vya sayansi tu? (Msomaji, Mombasa)

La. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambayo asili yake ni kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, ikaingia chuoni mwaka 1964. Jokofu lao ni makabati ya kadi za maneno na kanda za sauti, na kanuni ni ileile ya kukaa na jambo moja miaka mingi. Chuo hichohicho kina pia Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar, iliyoanza mwaka 1978 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, nayo inachunguza matumbawe, mwani, samaki na mikoko ya pwani ambayo na nyinyi wa Mombasa mnaishi nayo.

Nina stashahada ya sayansi na teknolojia ya maabara, sina shahada. Naweza kufanya kazi katika vituo hivi, au ni vya maprofesa tu? (Kijana, Dodoma)

Unaweza, na kwa hakika vituo hivi havisimami bila watu wa kiwango chako. Profesa huandika andiko la kuomba fedha, husimamia wanafunzi na husafiri. Anayejua ni mtego upi una kasoro, chupa ipi imeanza kuchafuka na panya yupi hakula jana ni fundi sanifu maabara na mhudumu wa mabanda. Wafunzaji wa panya buku wa Morogoro wengi ni Watanzania waliojifunza kazi hiyo palepale, na baadhi yao wamepelekwa nchi nyingine kuwafundisha wenzao.

Ajira za kudumu hutangazwa na chuo na na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na nafasi huwa chache. Ajira za mradi ni nyingi kidogo, hutolewa kwa mkataba, na mara nyingi hubandikwa kwenye tovuti ya chuo au ubao wa matangazo wa kituo kwa siku zisizozidi 14, kwa hiyo anayezingojea gazetini hazioni. Njia ya tatu ni kuomba mafunzo kwa vitendo: andika barua kwa mkurugenzi, ambatisha cheti na barua ya mwalimu wako, na utaje kazi mahususi unayoitaka, kwa mfano kuotesha bakteria, kuchunguza makohozi kwa darubini au kutunza wanyama wa maabara. Barua inayosema "kazi yoyote" huwekwa chini ya rundo. Ukiitwa, uwe tayari kuchanjwa, kuvaa barakoa na glavu saa zote za kazi, na kufika alfajiri, kwa sababu panya buku ni mnyama wa usiku na mafunzo yake huanza kabla jua halijapanda.